Ukienda Burigi, acha jinsi nyumbani

Sisi wa Nyamiaga tumekua tukilisikia pori la Burigi kwa habari za majambazi. Magari yalisindikizwa na askari, na hapakuwa na abiria aliyethubutu kuomba gari lisimame akachimbe dawa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, kilomita za mraba 4,707. Nikasema ngoja nami nikalione.

Nilikosea nguo. Mbung'o huvutwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na mimi nilivaa suruali ya jinsi. Niliumwa hadi nikakoma. Vaa kaki, mikono mirefu.

Kutoka kwetu panda gari la Biharamulo linalopita Nyakahura na Lusahunga, lala mjini, uingie hifadhini asubuhi. Changeni watu wanne au watano mkodi gari. Malipo ya hifadhi si taslimu, kwa hiyo yamalize mapema ukiwa bado na mtandao. Ukitaka kutembea kwa miguu, utafuatana na askari mwenye bunduki.

Wengi husubiri kiangazi ili waone wanyama. Mimi nakushauri Oktoba au Novemba, vuli inapoanza. Miyombo huwa imechipua majani mekundu kama divai kabla hayajawa kijani, na pale moto wa kiangazi ulipopita, maua huwahi kutokeza kabla nyasi hazijayafunika. Mengine hayafiki hata kwenye kifundo cha mguu. Ukiwa ndani ya gari linalokimbia hutayaona, basi mwombe dereva asimame, azime injini. Tafuta mkalamu: petali zake zimejikunja kwenda juu, nyekundu zenye ukingo wa njano. Usijaribu kuung'oa ukaupande nyumbani. Hifadhini hakichumwi kitu, na viazi vyake vina sumu ya kuua.

Kwenye Ziwa Burigi fika kabla ya saa nne. Yungiyungi hufunguka asubuhi na kujifunga alasiri, na aliyechelewa huambulia majani. Picha zipige ukiwa mbali na ukingo, maana ziwa lina viboko na mamba.

Simba sikumwona. Ile jinsi nimempa mdogo wangu, yeye anaishi mjini.