Nimebofya, na Bosi Hajui

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni karani wa hesabu kwenye kampuni ya vipuri hapa Kariakoo. Ijumaa jioni ilikuja barua pepe ikisema sanduku langu limejaa, nisipohakiki akaunti kabla ya saa kumi na moja barua zote zitafutika. Nilikuwa nakimbizana na malipo, nikabofya, nikajaza nywila. Ukurasa ukaganda. Jumatatu mteja akapiga simu kuuliza kwa nini tumehama benki. Nikamwambia ni makosa, nikakata. Bosi hajui, fundi wa kompyuta hajui. Leo siku ya nne silali. Niifute ile barua nikae kimya? – Mwenye Hofu, Ilala.*

Marahaba, mwanangu.

Jibu fupi nilikutumia siku ileile barua yako ilipofika, maana gazeti hutoka mara moja kwa wiki na mwizi hangoji gazeti: usifute kitu, na kamwambie bosi leo. Haya mengine nayaandika kwa kuwa najua huisomi safu hii peke yako huku moyo ukidunda.

Yule mteja aliyepiga simu alikuonyesha moshi unatokea wapi. Aliyechukua nywila yako hana shida na kompyuta yako. Anataka kukaa ndani ya sanduku lako la barua pepe, atulie, asome: nani anadaiwa, ankara ipi inalipwa lini, wewe huwasalimu vipi wateja. Akishaijua sauti yako, anaandika: tumehamia benki nyingine, malipo ya safari hii yaingie akaunti hii. Ni ileile “ile hela tuma kwa namba hii” tuliyoizoea kwenye simu, ila hii imevaa tai. Na ya kwenye simu usiicheke. Mimi niliwahi kumtumia “mjomba” elfu thelathini, na mjomba wangu hana habari mpaka leo.

Kwa hiyo kubadilisha nywila ni mwanzo tu. Ibadilishe kwenye kifaa kingine unachokiamini, na uchague kuwatoa wote waliokwisha kuingia. Kama nywila hiyohiyo umeiweka na kwingine, badilisha na huko. Halafu mwombe fundi aikague mipangilio ya sanduku lenyewe. Matapeli hawa wana desturi ya kuacha agizo humo ndani: kila barua nakala iende kwao, au barua yoyote yenye neno “malipo” ifichwe kwenye folda ambayo hujawahi kuifungua. Unabadilisha kitasa, kumbe jirani amekwisha kujiunganishia maji. Pengine wateja wengine wamekujibu na hukuona jibu lao. Ndiyo maana nasema ile barua ya Ijumaa usiifute. Fundi ataanzia hapo.

Kisha simu. Mpigie kila mteja ambaye hajalipa, kwa namba zilizo kwenye mafaili yenu ya zamani. Namba iliyo chini ya barua pepe ya wiki hii usiiguse. Aliyekwisha kulipa kwenye ile akaunti ya uongo akimbilie benki yake saa hiyohiyo, kwa sababu fedha zikishatolewa upande wa pili, kuzirudisha ni shughuli.

Sasa bosi. Usimwambie “kompyuta imeleta shida.” Mwambie: “Ijumaa jioni niliweka nywila kwenye ukurasa wa uongo. Jumatatu mteja fulani amepata barua ya kubadilisha benki. Naomba ruhusa niwapigie wengine.” Samahani ziweke mwishoni, atazihitaji baadaye. Utasemwa, na huenda ukapewa barua ya onyo. Hata hivyo kubofya kulichukua sekunde moja. Hizo siku nne ndizo atakazokuuliza.

Akikuita mjinga, wakumbuke Google na Facebook. Kati ya 2013 na 2015, raia wa Lithuania aitwaye Evaldas Rimasauskas aliwapelekea ankara za uongo akijifanya Quanta, kampuni ya Taiwan waliyokuwa wakifanya nayo biashara kweli. Wakalipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa Marekani miaka 5 jela mwaka 2019. Wenye mashine zao wenyewe walilipa, sembuse karani wa Kariakoo Ijumaa jioni.

Na wewe bosi, kama gazeti limefika mezani kwako, usimfokee binti wa watu kabla hujajiuliza ni nani aliyeacha kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili. Ungekuwepo, nywila peke yake isingemfungulia mtu mlango, ilimradi karani asiitoe popote ile namba inayokuja kwenye simu. Ofisi ngapi nimeingia nikakuta nywila imebandikwa ukingoni mwa skrini, hata mlinzi anaijua! Tena kama sanduku hilo lina nakala za vitambulisho vya wateja, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakutaka uiarifu Tume inayoisimamia. Hilo ni jukumu lako, si la karani.

Mwanangu, ichapishe ile barua uingie nayo ofisini kwake. Ukimaliza kupiga simu, niandikie uniambie ni wateja wangapi waliopata habari ya benki mpya. Sidhani kama ni mmoja.