Kombi Kuukuu: Anza na Karatasi na Kutu, Rangi Iwe ya Mwisho

Ukipita kwenye gereji za kando ya barabara Kawangware au Kibera, huenda ukakuta Kombi ya zamani imeinuliwa kwa mawe, kutu imeila na kuku wamelala chini yake. Usiidharau. Jijini kwetu mashindano ya magari ya kale, Concours d'Elegance, yalianza mwaka 1970, na yamekuwa yakifanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, karibu kabisa na Kibera. Mafundi wetu wa juakali wana ujuzi wa kufufua gari kama hilo. Linaloponza wengi ni kuanzia mwisho: wananunua rangi kabla ya kujua walichonunua.

Mkaazi, fuata hatua hizi.

1. Karatasi. Kabla ya kutoa hata shilingi, itisha logbuku. Linganisha nambari ya chesi na ya injini na zilizoandikwa humo, kisha tafuta rekodi za gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Jina la muuzaji lisipolingana na la mwenye gari, simama hapo. Fundi hodari hawezi kuchomelea umiliki.

2. Kutu. Inua mikeka, kagua sakafu, chini ya milango, kingo za kioo cha mbele na mahali betri inapokaa. Gonga kwa bisibisi. Bati likitoboka, likatwe hadi penye chuma kizima ndipo kipande kipya kichomelewe. Kuziba tundu kwa simiti ya gari na kupaka rangi juu ni kuficha ugonjwa.

3. Petroli na moto. Injini ya Kombi ya zamani iko nyuma na hupozwa kwa hewa, haina rejeta. Mipira ya petroli iliyozeeka hupasuka na kudondosha mafuta kwenye injini yenye joto. Badilisha yote. Ondoa tanki kabla ya kuchomelea karibu nalo, na uwe na mtungi wa kuzimia moto. Mahali nyumba za mabati zimebanana, cheche moja inaweza kuchoma ploti nzima.

4. Injini na breki. Usikimbilie kuwasha. Mwaga petroli na oili ya zamani, toa plagi, tia oili kidogo kwenye silinda, kisha izungushe injini kwa mkono. Breki ziwe sawa kabla gari halijasogea.

5. Majirani. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa watoto. Piga msasa kwa maji, vaa barakoa, na watoto wakae mbali. Oili chafu iweke kwenye mtungi, usiimwage mtaroni. Mitaro mingi ya Kibera huelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi.

Ukimaliza, lipia bima, na gari la biashara lipeleke kwa ukaguzi kabla ya kuingia barabarani. Ukitaka kuigeuza Kombi iwe kibanda cha chai, pata kwanza leseni ya biashara ya kaunti na cheti cha afya cha wanaoshika chakula.

Hatua ya kwanza haihitaji spana. Chukua tochi na bisibisi, mwombe mwenye gari logbuku, kisha inama uangalie chini.