Watoto na Vijana wa Uingereza Wakati wa Vita na Baada Yake

Watu wengi wakisikia habari za vita hufikiri habari za askari, mizinga na manowari. Lakini vita huingia pia majumbani, na mtoto asiyejua hata sababu ya ugomvi hupata fungu lake la taabu. Katika somo hili tutaeleza jinsi Vita Kuu ya Pili, ya mwaka 1939 hata 1945, ilivyogeuza maisha ya watoto na vijana wa Uingereza, na jinsi taifa lilivyojifunza ya kuwa mtoto wa maskini si mzigo wa wazazi wake peke yao.

Serikali ya Uingereza iliogopa ya kuwa vita ikianza, eropleni za Wajerumani zitaipiga miji mikubwa kwa mabomu. Basi tarehe 1 Septemba 1939, siku mbili kabla ya vita kutangazwa, kazi ya kuwahamisha watoto ilianza. Kwa muda wa siku tatu watu karibu milioni moja na nusu waliondolewa katika London, Liverpool, Manchester na miji mingine, wakapelekwa mashambani. Wengi walikuwa watoto wa shule, wakisafiri na walimu wao pasipo wazazi. Kila mmoja alichukua kifurushi cha nguo na kinyago cha kujikinga na gesi ya sumu, na jina lake liliandikwa katika kipande cha karatasi kilichofungwa kwenye koti. Mama aliyemwaga mwanawe hakujua usiku ule atalala katika nyumba ya nani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Huko vijijini wenye nyumba walilipwa na Serikali shilingi 10 na peni 6 kila juma kwa mtoto mmoja. Mahali pengi watoto walisimamishwa pamoja, na wenyeji wakachagua wawatakao. Hivyo ndugu wengine walitenganishwa. Wako waliopendwa kama wana wa nyumba ile, na wako waliotumikishwa. Maana mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tena wenyeji walistaajabu kuona watoto wenye chawa, wasio na viatu vya kufaa wala nguo za kubadili. Wengine waliwalaumu mama zao. Lakini wenye busara waliuliza: Je, nchi yenye mali nyingi namna hii imewaachaje watoto wake kuwa katika hali hii? Swali hilo halikusahauliwa.

Miezi ya kwanza mabomu hayakuja, na watoto wengi walirudishwa mijini. Kisha tarehe 7 Septemba 1940 London ilianza kupigwa usiku baada ya usiku. Siku kumi baadaye meli iitwayo City of Benares ilizamishwa na manowari ya Wajerumani ipitayo chini ya maji. Ndani yake walikuwamo watoto 90 waliokuwa wakipelekwa Kanada kwa usalama, 77 walikufa. Baada ya msiba huo Serikali iliacha kuwapeleka watoto ng'ambo. Na katika London, Bibi Anna Freud na Bibi Dorothy Burlingham, waliolea watoto wadogo wakati wa vita, waliandika ya kuwa kutengwa na mama ghafula huweza kumwumiza mtoto moyoni kuliko kishindo cha mabomu.

Chakula nacho kilikuwa haba. Tangu Januari 1940 siagi na sukari ziliuzwa kwa kipimo, na tangu Julai 1942 peremende pia. Lakini kipimo kilikuwa kimoja kwa tajiri na maskini, na watoto wachanga walipewa maziwa, maji ya machungwa na mafuta ya ini la samaki. Kwa hiyo watoto wengi wa maskini walikula vizuri zaidi katika miaka ya dhiki kuliko walivyokula zamani.

Vijana nao waliitwa kazini. Tangu Desemba 1943 mmoja katika kila kumi ya vijana walioitwa jeshini alichaguliwa kwa kura kwenda kuchimba makaa ya mawe. Na vita ilipokwisha hawakuachwa: tangu 1949 kila kijana mwanamume mwenye afya aliyetimiza miaka 18 ilimpasa kutumika jeshini, na wa mwisho wao walitoka mwaka 1963.

Baada ya dhiki faraja. Sheria ya Elimu ya 1944 iliondoa ada katika shule za Serikali za daraja la pili, na tangu Aprili 1947 mtoto hakuruhusiwa kuacha shule kabla ya miaka 15. Tangu Agosti 1946 wazazi walipewa shilingi 5 kila juma kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza. Mwaka 1948 matibabu yakawa bure kwa wote. Mwaka huo huo sheria nyingine iliagiza kila wilaya iwe na watu wa kuwaangalia watoto wasio na malezi. Maana mwezi wa Januari 1945 mtoto wa miaka 12, aliyewekwa katika nyumba ya watu wengine, alikufa kwa kupigwa na kunyimwa chakula.

Hata hivyo si yote yaliyotengenea. Mtihani wa miaka 11 uliwagawanya watoto, na wengi wa wafanyakazi walipelekwa shule zisizoheshimiwa. Ilipofika miaka ya 1950, vijana walikuwa na mishahara yao, wakavaa mavazi yao na kupenda muziki wao, na wazee wakanung'unika. Lakini vijana hao ndio waliolelewa baba zao wakiwa vitani, wakacheza katika magofu ya nyumba zilizobomolewa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Basi, wasomaji, tuangalie jambo hili. Watoto wale walikuwa na njaa na chawa kabla ya vita, ila walikuwa mbali na macho ya wakubwa. Walipoketi mezani pa wageni ndipo walipoonekana. Kila mzee na kila mtawala na ajiulize ni watoto gani walio karibu naye ambao hajawaona, wala asingojee msiba umfumbue macho.