Usifiche Nafaka Iliyolowa: Njia ya Halali ya Kuifikisha Tovuti kwa Wanaotafuta



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu wanafunzi, wengi wetu tunaosoma kompyuta hupata senti za matumizi kwa kutengeneza tovuti za wafanyabiashara wadogo. Kila mteja ana swali moja: "Watu wakitafuta Google, nitaonekana?" Mara ya kwanza nilipoulizwa swali hilo nilijibu vibaya, na somo hili limetokana na jibu lile.

Mteja wangu alikuwa mama mmoja, fundi wa kushona kanzu na mabuibui pale Buyenzi, hapa Bujumbura. Alinipa nusu ya malipo mkononi, nami nikamwambia, "Mama, ndani ya mwezi mmoja utakuwa wa kwanza." Akajibu, "Inshallah, mwanangu." Yeye alisema inshallah, mimi sikusema.

Nilifanya mambo mawili. Chini ya kila ukurasa niliandika majina ya nguo na ya miji mara nyingi sana, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, ili mtambo uyasome na mtu asiyaone. Kisha nikanunua viungo kutoka tovuti nyingine ambazo hazikuwa na habari yoyote ya ushonaji. Wiki chache wageni wakaongezeka. Baadaye tovuti ikatoweka katika matokeo, hata kwa mtu aliyeandika jina la duka lenyewe. Ramadhani ilikuwa imekaribia, na msimu wa nguo za Idi ndio unaomlisha yule mama na wanafunzi wake wa ushonaji.

Mtambo unafanyaje kazi

Google hufanya kazi tatu. Kwanza, programu zake hupita katika kurasa kwa kufuata viungo. Pili, huzisoma kurasa hizo na kuziweka katika faharasa yake. Tatu, mtu anapoandika swali, huchagua kurasa zinazoelekea kumfaa zaidi na kuzipanga. Nafasi za matangazo hulipiwa na huandikwa kuwa ni tangazo. Matokeo mengine hayauzwi: Google imesema wazi kwamba haipokei fedha ili kuipandisha tovuti, na kwamba hakuna anayeweza kumdhaminia mtu nafasi ya kwanza.

Larry Page na Sergey Brin, walioanzisha kampuni hiyo mwaka 1998, walijenga juu ya wazo kwamba kiungo ni kama ushahidi: ukurasa ukiuelekeza msomaji kwenye ukurasa mwingine, umeushuhudia kuwa una faida. Palipo na ushahidi, mashahidi wa uongo hawakosekani.

Hila na mwisho wake

Februari 2006 Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani katika matokeo yake, kwa sababu ilikuwa na kurasa zilizouonyesha mtambo kitu kimoja na kumpeleka mtu kwenye kitu kingine. Kampuni kubwa kiasi hicho haikuachwa. Mwaka 2011 yalikuja mabadiliko yaliyoitwa Panda, yaliyozishusha kurasa zisizo na faida kwa msomaji. Aprili 2012 yakaja ya Penguin, yaliyowalenga hasa walionunua na kupanga viungo vya udanganyifu. Machi 2024 Google ilitangaza kanuni dhidi ya kurasa zinazotolewa kwa wingi ili tu kupanda katika matokeo, ziwe zimeandikwa na watu au na akili bandia. Wenzangu mnaoiambia programu iandike makala mia tano kwa usiku mmoja, hapo panawahusu.

Hata hivyo, tusiache hila kwa kuogopa adhabu ya Google peke yake. Mwislamu ana sababu iliyo kubwa kuliko hiyo.

Dini yetu inasemaje

Mwalimu wetu wa darsa aliponisikiliza hakuzungumza habari za kompyuta hata kidogo. Alinikumbusha mambo matatu.

La kwanza ni hadithi ya lundo la nafaka, iliyopokewa na Muslim. Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono ndani ya lundo sokoni, akakuta unyevu chini. Mwenye mali akasema mvua imeinyeshea. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu watu waione, na akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Maandishi yangu meupe yalikuwa nafaka iliyolowa.

La pili ni katazo la najsh, yaani mtu kupandisha bei ya bidhaa asiyokusudia kuinunua ili wengine wahadaike. Kiungo cha kununua, na sifa za uongo zinazoandikwa na mtu ambaye hajawahi kuvaa kanzu ile, vina sura hiyohiyo.

La tatu ni katazo alilopewa Hakim bin Hizam (r.a.) la kuuza asichokuwa nacho. Nafasi ya kwanza si mali yangu, nami nilikuwa nimeiuza.

Nilirudi kwa yule mama na kumweleza yote, nikitaka kumrudishia fedha zake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mshono ukienda kombo hatuufichi kwa pasi. Tunafumua, tunashona upya. Kaa ufumue."

Kushona upya

Nilifuta maandishi yaliyofichwa, nikawaandikia wenye tovuti nilizolipa waviondoe viungo. Katika Google Search Console, ambayo ni ya bure, nilieleza kosa nilivyolifanya na jinsi nilivyolirekebisha, nikaomba tovuti ikaguliwe upya. Tulisubiri. Msimu ule wa Idi ulitupita.

Wakati wa kusubiri nilikaa dukani na daftari, nikaandika kila swali lililoulizwa na wateja. Kanzu ya mtoto wa miaka sita inahitaji kitambaa kiasi gani? Mtu aliye mbali ajipime vipi? Ukileta kitambaa chako, ushonaji ni bei gani? Kila swali likapata ukurasa wake, kwa majibu ya fundi mwenyewe. Kichwa cha ukurasa kilisema kilichomo, bila chumvi. Picha zilikuwa za kazi yake, nikazipunguza uzito ili zifunguke haraka kwenye simu ya kawaida. Kurasa zinazohusiana nikaziunganisha. Tena tuliandika kwa Kiswahili, Kifaransa na Kirundi, kwa kuwa wateja wenyewe huuliza kwa lugha hizo.

Kila Jumamosi baada ya Alasiri nilifungua Search Console kuona watu waliandika maneno gani kabla ya kutufikia. Wakiuliza jambo ambalo hatujalijibu, tuliandika ukurasa mmoja. Wiki nyingine haikuwa na zaidi ya kusahihisha bei iliyobadilika. Google yenyewe husema kwamba mabadiliko mengine huonekana baada ya saa chache na mengine baada ya miezi. Hapa ndipo nilipoelewa vizuri mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba amali inayopendwa zaidi na Allah ni ile ya kudumu, hata ikiwa ndogo.

Tovuti ilirudi. Ukurasa wa kujipima kanzu ndio ulioleta wageni wengi kuliko kurasa zote, na tovuti ya mafundi wengine ikauelekeza kwa hiari yao, bila sisi kuomba wala kulipa. Si wa kwanza kwa kila neno mpaka leo. Lakini anayefika anakuta kile alichoahidiwa.

Ndugu zangu, mteja akikuuliza kama ataonekana, mwambie hivi: "Nitaifanya kazi kwa uaminifu, nitakuonyesha kila mwezi nilichofanya, na nafasi siwezi kukuahidi." Atakayekukimbia kwa jibu hilo, muache aende. Riziki iko kwa Mwenye kuruzuku.

Allah atujaalie chumo la halali, na atusamehe tulipokosea. Amin.

Wabillahi tawfiq.