Mboga za Nyumbani Msimu wa Baridi: Panda Mapema, Chuma kwa Kiasi

Kila mwaka, mvua ndefu zinapokwisha, baridi huingia katika maeneo ya juu ya Nyandarua kama vile Kinangop, Ol Kalou na Ol Joro Orok, na kukaa kuanzia Juni hadi Agosti. Katika miezi hiyo familia nyingi hununua sukuma wiki sokoni ilhali zina shamba nyuma ya jikoni. Mboga zipo, lakini hazikui. Somo hili linaeleza sababu yake na jinsi mkaazi anavyoweza kujiandaa.

Kwa nini mboga hupunguza mwendo

Katika nchi kama Uingereza, siku za msimu wa baridi huwa fupi na mboga hukosa mwanga. Hapa karibu na ikweta, mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Kinachochelewesha mboga zetu ni ubaridi wa udongo na mawingu yanayofunika jua. Kwa sababu hiyo, miezi ya kupanda iliyoandikwa kwenye pakiti za mbegu kutoka ng'ambo haifai kufuatwa hapa.

Jambo la kukumbuka ni hili: wakati wa baridi, shamba la nyumbani ni kama ghala. Mkulima huchuma kile kilichokua kabla ya baridi kuingia. Mche uliopandikizwa Julai hukaa muda mrefu bila kuongeza majani, lakini ule uliopandikizwa Aprili huwa umeshika mizizi na kunenepa shina.

Cha kupanda na wakati wake

Sukuma wiki, kabeji, spinachi, karoti, vitunguu vya majani na dania huvumilia baridi. Nyanya, hoho, maharagwe na maboga huungua upesi, na nyanya hushambuliwa zaidi na bilaiti kukiwa na baridi na unyevu.

Mbegu za sukuma wiki na kabeji ziwekwe kwenye kitalu mwezi wa Machi. Baada ya wiki 4 hadi 6, miche huwa tayari kupandikizwa. Sukuma wiki iachiwe nafasi ya sentimita 45 hadi 60 kati ya shina na shina ili hewa ipite na majani yakauke haraka. Karoti hupandwa moja kwa moja shambani, kwa kuwa mzizi wake hupinda ukihamishwa. Samadi itumike ikiwa imeoza vizuri.

Idadi ya mashina ipangwe mapema. Chukulia familia inayotumia majani 60 ya sukuma wiki kwa wiki. Kila shina likitoa majani mawili kwa wiki, mashina 30 yanatosha. Baridi ikipunguza mazao hadi jani moja kwa shina, familia hiyo itahitaji mashina 60. Asiyekuwa nayo hulazimika kuchuma hata majani machanga, na shina lililoachwa uchi halina namna ya kujitengenezea chakula. Ifikapo likizo ya Agosti, watoto wakiwa nyumbani, hakuna cha kuchuma.

Kujikinga na sakitu

Sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, huja usiku anga ikiwa wazi na upepo ukiwa umetulia. Joto la ardhi hupotea angani, na hewa baridi, ambayo ni nzito, huteremka na kutulia mabondeni. Ndiyo maana shamba lililo bondeni huungua huku la jirani aliye juu kidogo likisalimika. Ndiyo maana pia sakitu hupiga hata Januari na Februari, wakati wa kiangazi.

Jioni anga inapokuwa wazi na baridi kali inatarajiwa, mkulima anashauriwa:

1. Kumwagilia udongo maji mchana. Udongo wenye unyevu huhifadhi joto kuliko udongo mkavu.
2. Kufunika mboga kwa magunia au shuka kuukuu kabla ya giza, akitumia vijiti ili kifuniko kisiguse majani.
3. Kuondoa kifuniko asubuhi jua linapopata nguvu.

Mboga ikiungua, ising'olewe mara moja. Sukuma wiki huchipuka tena mara nyingi ikiwa kitovu cha shina kimepona. Asubiri wiki mbili hivi kabla ya kuamua.

Kuchuma

Siku za kawaida, asubuhi ndio wakati mzuri wa kuchuma. Siku ya sakitu, mkulima asiguse mboga hadi barafu iyeyuke, kwa sababu jani lililoganda huvunjika na kuwa jeusi.

Majani ya chini yachumwe kwanza, kwa kuyavuta kuelekea chini na kando, na yasipungue matano yanayobaki juu ya kila shina. Majani ya manjano na yenye madoa yaondolewe shambani ili yasieneze ugonjwa. Karoti zinaweza kuachwa ardhini na kung'olewa kadiri zinavyohitajika; baridi huziongezea utamu, kama inavyofanya kwa sukuma wiki.

Ikiwa mboga zimepigwa dawa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko zihesabiwe zote kabla ya kuchuma, hata kama jikoni hakuna kitu kingine. Kuosha kwa maji hakuondoi dawa iliyoingia ndani ya jani.

Mkaazi anayeona madoa au mnyauko asioufahamu achukue jani moja ndani ya mfuko na kumwonyesha afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua dawa yoyote. Na ambaye shamba lake limebaki mashina matupu Julai hii aandike tarehe moja kwenye kalenda: Machi, kuandaa kitalu.