Maumivu ya Kiunoni Yanayoshuka Mguuni: Pima Nguvu ya Mguu, Usipime Ukali wa Maumivu

Maumivu yanayoanzia kiunoni, yakapita kwenye tako na kushuka nyuma ya paja hadi kwenye kigimbi au wayo, ni miongoni mwa maumivu makali kabisa yanayompata mtu mzima. Mgonjwa husema yanachoma, yanapiga kama shoti ya umeme, na akikohoa, akipiga chafya au akijikamua chooni yanazidi. Usiku hapati usingizi, mchana kukaa kitini kunamshinda. Wanakaya wakimwona hivyo, mara nyingi hukimbilia moja kati ya mambo mawili: ama alazwe kitandani asitikisike mpaka apone, au pesa zichangwe haraka akapasuliwe. Kwa wagonjwa walio wengi njia zote mbili hazina msingi, kwa sababu zote zinapima ugonjwa kwa ukali wa maumivu. Kinachopaswa kupimwa ni kazi ya neva: je, mguu una nguvu, ngozi inahisi, mkojo unatoka kama kawaida? Hayo yakiwa salama, mwili una uwezo mkubwa wa kujiponya, na kazi ya kaya ni kumvusha mgonjwa majuma magumu bila kumwongezea madhara. Hayo yakiharibika, subira imekwisha, hata kama maumivu yamepungua.

Kinachotokea ndani ya uti wa mgongo

Kati ya pingili moja ya uti wa mgongo na nyingine kuna diski, yenye ganda gumu la nyuzinyuzi kwa nje na kiini laini kwa ndani. Ganda likichanika, kiini hutokeza nyuma na kugusa mzizi wa neva unaopita hapo. Kiunoni, diski zinazopasuka zaidi ni mbili za chini, kati ya pingili ya nne na ya tano na kati ya pingili ya tano na mfupa ulio chini yake. Mizizi ya neva inayotoka eneo hilo huungana na mingine kuwa neva ya sayatika, neva nene kuliko zote mwilini, inayoteremka mguuni. Ndiyo maana jeraha liko mgongoni lakini kilio kiko mguuni. Madaktari William Mixter na Joseph Barr wa Boston, Marekani, walipoeleza uhusiano huo mwaka 1934, wengi waliuelewa kama jambo la kubanwa tu: kilichobana kiondolewe. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kubanwa ni nusu ya habari. Kiini kilichovuja huufanya mzizi wa neva uvimbe na kuwaka, na huko kuwaka ndiko kunakoleta sehemu kubwa ya mateso ya mwanzo. Habari njema ni kwamba chembe za kinga za mwili hukitambua kiini hicho kama kitu kisicho mahali pake, hukivamia na kukila kidogo kidogo. Vipande vikubwa vilivyotoka kabisa ndivyo vinavyonywea zaidi kuliko diski iliyovimba kidogo tu. Kazi hiyo huchukua majuma hadi miezi, na maumivu hutangulia kupungua.

Hapa wengine hupinga wakisema, “Picha imeonyesha diski imetoka, itarudije yenyewe?” Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kipimo cha picha cha MRI kwa watu 98 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 64 kati yao walikuwa na angalau diski moja yenye kasoro. Picha peke yake, basi, haimhukumu mtu. Ina maana pale tu inapolingana na mguu unaouma na mahali penye ganzi au udhaifu. Eksirei ya kawaida haionyeshi diski wala neva, na MRI ni ghali. Inahitajika zaidi pale penye dalili za hatari, au maumivu yanapogoma kupungua baada ya majuma sita hivi na upasuaji ukaanza kufikiriwa.

Kulala siku nyingi hakuponyi

Nchini Uholanzi, utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwagawa wagonjwa 183 wa sayatika, yaani maumivu haya yanayoshuka mguuni, katika makundi mawili. Kundi moja liliambiwa lilale kitandani kwa wiki mbili, jingine liendelee na shughuli kadiri linavyoweza. Baada ya wiki 12, asilimia 87 ya kila kundi walikuwa wamepata nafuu. Kitanda hakikuharakisha chochote, ilhali siku nyingi za kulala hudhoofisha misuli, huleta choo kigumu na huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Kusema hivyo si kumwambia mgonjwa ashike jembe. Katika siku za mwanzo anaweza kupumzika kwa vipindi vifupi: alale chali, vigimbi vikiwa juu ya kiti au godoro lililokunjwa, nyonga na magoti yakiwa yamepinda, au alale ubavu akiwa na mto kati ya magoti. Akitaka kuamka, ageuke kwanza ubavu, ateremshe miguu, kisha ajisukume kwa mkono. Atembee dakika chache uani mara nyingi kwa siku, na kila siku asogeze kidogo. Mgongo ukishazoea, mtaalamu wa fiziotherapia amwongoze katika mazoezi.

Mambo yanayomchelewesha ni yale ya kila siku tunayoyaona madogo: kukaa muda mrefu kwenye kigoda, kufua huku mgongo umepinda, kufagia kwa ufagio mfupi, safari ndefu ya bodaboda kwenye barabara mbovu. Ndoo ya lita 20 iliyojaa ina uzito wa kilo 20 na zaidi, mwingine aibebe. Wanaoswali au kupiga magoti ibadani wanaweza kukaa kwenye kiti, kwani dini zetu zinamruhusu mgonjwa. Zaidi ya hapo, mgonjwa afuate alama moja: maumivu yakihama kutoka wayoni kupanda pajani au takoni, hata kama kiuno kinauma kidogo zaidi, anaelekea pazuri. Jambo lolote linaloyapeleka chini zaidi kuelekea vidoleni, aliache kwa sasa.

Dawa, sindano na kukandwa

Dawa hupunguza makali ili mgonjwa aweze kutembea na kulala, lakini hazirudishi diski. Ibuprofeni na diklofenaki huwasaidia baadhi ya watu kwa siku chache, ila huweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au moyo, na mjamzito, wasizinunue bila kuuliza, na mtu yeyote asizimeze mbili kwa pamoja. Pregabalini, ambayo wengi huandikiwa kwa maumivu ya neva, ilijaribiwa nchini Australia kwa wagonjwa 209 wa sayatika. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha haikushinda kidonge kisicho na dawa, na ilisababisha kizunguzungu zaidi. Aliyekwisha kuizoea asiiache ghafla. Azungumze na daktari. Wapo wanaoamini sindano ina nguvu kuliko kidonge, wakachomwa takoni kila siku kwenye duka la dawa. Sindano iliyokosea mahali inaweza kuijeruhi neva ileile ya sayatika. Kitambaa cha moto na kukandwa taratibu hutuliza misuli iliyokakamaa, na hakuna ubaya. Kukanyagwa mgongoni, kuvutwa miguu au kupindwa kwa nguvu kusikubaliwe kabisa.

Upasuaji una mahali pake

Je, kijitabu hiki kinapinga upasuaji? Hapana. Utafiti mwingine wa Uholanzi, uliochapishwa mwaka 2007, uliwahusisha wagonjwa 283 ambao maumivu yalikuwa yamedumu majuma 6 hadi 12. Waliopasuliwa mapema walipata nafuu ya mguu haraka zaidi kuliko walioambiwa wasubiri kwanza. Baada ya mwaka mmoja, takribani asilimia 95 ya kila kundi walisema wamepona, ingawa asilimia 39 ya walioambiwa wasubiri nao walikuwa wamepasuliwa. Maana yake ni kwamba, pale ambapo neva haijadhoofika, upasuaji hununua muda: humpunguzia miezi ya mateso mtu ambaye amevumilia akachoka au ambaye kazi yake haiwezi kungoja. Huo ni uamuzi wake yeye na daktari wake. Hofu ya kwamba kila apasuliwaye mgongo hupooza nayo imezidi kiasi. Uti wenyewe wa neva huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, juu ya mahali diski hizi zinapopasuka. Hatari zilizopo ni za maambukizi, kuchanika kwa utando wa neva, neva kujeruhiwa na diski kutokeza tena, na daktari anapaswa kuzieleza kabla ya mgonjwa kutia sahihi.

Kipimo cha kila siku nyumbani

Kila asubuhi, mgonjwa ashike ukuta au bega la mtu, atembee hatua chache kwa visigino, kisha kwa vidole. Mguu ukishindwa kuinua wayo wake, au ukishindwa kusimama kwa vidole ilhali jana uliweza, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Wanakaya wamuulize pia, bila kuona haya: je, sehemu za siri na katikati ya mapaja zina ganzi? Mkojo unagoma kutoka, au unatoka bila yeye kujua? Haja kubwa inamponyoka? Miguu yote miwili imelegea? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ni dharura ya saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, kwa kuwa neva za kibofu zikibanwa zinahitaji kufunguliwa mapema kabisa, ndani ya saa na si majuma. Wengi huchelewa kwa aibu ya kutaja sehemu hizo, wakabaki na ulemavu wa maisha. Homa, kutokwa jasho usiku, kukonda, au mgonjwa kuwa aliwahi kuugua saratani, kunataka uchunguzi wa mapema pia, kwani kifua kikuu na saratani huweza kukaa kwenye uti wa mgongo na kujifanya maumivu ya kawaida. Na mgonjwa akisema maumivu yameisha huku mguu unaburuzika, msishangilie: neva iliyozidiwa hunyamaza.

Kwa hiyo mwaminini mgonjwa wenu anaposema anaumia, mpunguzieni kazi nzito, mtembezeni kila siku, na mpimeni mguu kila asubuhi. Mguu wenye nguvu na mkojo wa kawaida vinawapa ruhusa ya kusubiri. Kimoja kikiharibika, ondokeni na mgonjwa muda huohuo mwende hospitali.