Kununua kadi ya grafiki ukiwa Ukunda: fungua kompyuta kwanza, tuma pesa baadaye

Tuseme una shilingi 30,000 kwenye laini yako. Umeziweka kidogo kidogo: nyingine ni bakshishi za hoteli ya Diani wakati wa msimu, nyingine ni za bodaboda za jioni. Unataka kompyuta yako icheze GTA V na EA FC bila kukwamakwama. Mtandaoni umeona muuzaji wa Nairobi mwenye kadi ya grafiki, "safi kama mpya", na anakwambia tuma sasa hivi, kuna mwingine anaingojea. Wateja wetu wa Kwale hutupigia simu wakiwa wamefika hapo, au, mara nyingi zaidi, wakiwa wameshapita hapo. Somo la leo ni la kabla ya kubonyeza.

Sisi ni watu wa malipo, si mafundi wa kompyuta. Lakini tumegundua kwamba malalamiko mengi ya "nimeibiwa" kwenye biashara hii si wizi. Mtu amelipa, kadi imefika, ni nzima kabisa, ila haiingii kwenye mashine yake. Kwa hiyo tuanze na mashine.

Kompyuta nyingi za mezani za mtumba zinazouzwa kwetu zilitoka maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na wenzao. Ni imara na bei yake inashikika. Tatizo ni kwamba zilitengenezwa kuandika barua na kupiga hesabu. Dell OptiPlex 7010 ya kasha kubwa, kwa mfano, ina pawa saplai ya wati 275, na haikuja na waya wa ziada wa kulishia kadi. Sasa linganisha: RTX 3060 hula hadi wati 170 na inataka waya huo wa ziada, na NVIDIA wenyewe wanashauri pawa saplai ya wati 550. RX 6600 ya AMD ni wati 132, nayo inataka waya. RTX 4060 ya mwaka 2023 imeshuka hadi wati 115, lakini bado inataka waya. Ukinunua mojawapo ya hizi bila kufungua kasha lako, kadi itakaa kwenye boksi lake chini ya kitanda.

Kadi zinazopata moto wa kutosha kutoka kwenye tundu lake tu, bila waya, ni chache. GTX 1650 ni mojawapo (wati 75), ingawa baadhi ya matoleo yake yana tundu la waya, kwa hiyo omba picha ya ubavu wa kadi. Nyingine ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka mwaka 2024, ambayo hula wati 70. Hapo pana mtego: iko pia RTX 3050 ya GB 8, jina lile lile, na hiyo hula wati 130 na inataka waya. Muuzaji akisema tu "3050", usiridhike. Muulize ni GB ngapi, na akujibu kwa maandishi.

Kama kasha lako ni lile jembamba, unahitaji kadi fupi yenye kibao kifupi, vinginevyo kifuniko hakitafunga. Unaweza kubadilisha pawa saplai, ndiyo, lakini kwenye Dell na HP nyingi plagi zake si za kawaida, kwa hiyo weka pesa ya fundi pembeni kabla hujaamua bei ya kadi.

Jambo la pili ni umri wa prosesa. Intel Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249, ina GB 12 za kumbukumbu, na kwa bei hiyo inavutia sana. Lakini inategemea kipengele kiitwacho Resizable BAR, ambacho mashine nyingi za miaka ya 2010 hazina, na bila hicho kasi yake hushuka vibaya. Kijana mwenye Core i5 ya mwaka 2012 akinunua B580 amenunua injini ya lori akaifunga kwenye tuktuk. Hata RTX 4060 haitajitanua hapo. Itakuwa inaisubiri prosesa.

Angalia na skrini. Kama ni ya kawaida ya 1080p na 60Hz, haiwezi kuonyesha zaidi ya picha 60 kwa sekunde hata ukiifungia kadi ya laki moja. Tukiulizwa maoni yetu: kwa skrini kama hiyo, RX 6600 ya mtumba inatosha kama pawa saplai yako inaiweza. Kama haiiweza, chukua RTX 3050 ya GB 6, na salio liende kwenye UPS. Stima ikikatika na kurudi kwa kishindo katikati ya gemu, ni heri uwe na kitu cha kuikinga mashine.

Kuhusu mtumba, kadi nyingi ziliingia sokoni dunia nzima baada ya Septemba 2022, pale Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki. Kadi ya uchimbaji si lazima iwe mbovu, lakini feni zake zimezunguka usiku na mchana. Zisikilize. Na hapa pwani tazama skrubu na kibao cha nyuma: kutu na unga wa kijani kwenye shaba vinakwambia kadi ilikaa wapi. Ziko pia kadi bandia, kadi za zamani zilizobadilishwa programu ili zijitambulishe kama GTX 1050 Ti au nyingine mpya. Programu ya bure iitwayo GPU-Z hugundua nyingi na kuandika FAKE mbele ya jina. Ukiona tundu la VGA la buluu kwenye kadi inayoitwa 1050 Ti, shtuka.

Sasa pesa. Hili tunaomba ulisome taratibu.

Huduma yetu ya kurudisha muamala iliwekwa kwa mtu aliyekosea namba. Haikuwekwa kwa aliyenunua kitu kibovu kutoka kwa mtu aliyemchagua mwenyewe. Na hata kwa aliyekosea, pesa zikishatolewa kwa wakala, sisi hatuna cha kurudisha. Tunajua hili linauma kulisikia ukiwa kwenye simu na sauti inatetemeka, ndiyo maana tunalisema mapema.

Basi usitume yote kabla ya kuona. Kama muuzaji yuko Mombasa, nauli ya matatu mpaka Likoni ni ndogo, na feri kwa anayekwenda kwa miguu ni bure. Nenda, kadi ichomekwe mbele yako, gemu ichezwe dakika 20, ndipo ulipe. Kama yuko Nairobi, mwombe atume kwa kampuni ya vifurushi inayokubali ulipe wakati wa kupokea. Akitaka amana, iwe kiasi ambacho ukikipoteza hutalala njaa, na ilipwe kwa namba ya till ya duka. Kabla malipo hayajakamilika, jina la mpokeaji hutokea. Duka linaitwa hivi na jina linalotokea ni la mtu mwingine kabisa? Acha. Anayekuharakisha wakati huo ndiye wa kuogopwa zaidi.

Usikope mkopo wa siku 30 kwa ajili ya gemu. Tunauza mikopo hiyo na bado tunakwambia.

Mwisho, ile kadi yako ya zamani. Ukiiuza kwa mtu wa Msambweni, naye akakuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, au ujumbe ukaingia kwako kutoka namba ya kawaida yenye tarakimu kumi, usimpe kadi bado. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu. Kama halijaongezeka, hajalipa, hata kama anaapa na tuktuk inamngoja nje.